Saa Moja na Nusu Baada ya Kengele: Mafunzo Niliyopata Kwenye Klabu ya Kompyuta ya Watoto

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa miongoni mwa watu wanaoendesha klabu ya kompyuta katika shule moja ya msingi ya serikali wilayani Temeke, Dar es Salaam. Hatulipwi. Yupo fundi wa mitandao, wapo wanafunzi wa chuo kikuu, yupo mama mmoja mhasibu anayependa hesabu kuliko mtu yeyote ninayemjua, na mimi. Madarasa yenye mtihani wa kitaifa mwaka huo tunayaacha yasome. Waliobaki ndio wetu, na wanachojifunza ni kuandika programu, yaani kuipa kompyuta maelekezo hatua kwa hatua, kisha kuangalia imefanya nini.

Klabu za namna hii hazina umri mkubwa. CoderDojo ilianzia Cork, Ireland, mwaka 2011, na Code Club ikaanza Uingereza mwaka 2012, zote kwa nguvu za watu wa kujitolea. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi, na mmoja wa waasisi wake ni mtoto wa bara hili: Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928, alikuwa kati ya walioiunda lugha ya Logo mwaka 1967, akiamini kwamba mtoto ndiye anayepaswa kuiamuru mashine. Scratch, programu tunayoitumia sisi, ilitolewa MIT mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick, aliyefanya kazi na Papert.

Hayo yanapatikana vitabuni. Ninayoyaandika hapa tumefundishwa na shule yetu, na watoto wake, na mtaa wake.

1. Omba saa kabla ya kuomba kompyuta

Ukimwambia mtu una klabu ya kompyuta, swali lake la kwanza ni mna kompyuta ngapi. Mimi nauliza watoto wana muda gani.

Kengele ya kwenda nyumbani hulia saa nane na nusu mchana. Kuanzia hapo mtoto wa Temeke ana ratiba iliyojaa. Kuna tuisheni. Kuna madrasa, na kwa wengine mafundisho ya kipaimara. Kuna maji ya kuchota, mdogo wa kumwangalia, genge la mama la kukaa wakati mama amekwenda sokoni. Anayekaa mbali ana vita vya daladala, maana jioni, abiria wakiwa wengi, makondakta huwapita wanafunzi kituoni kana kwamba hawawaoni.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta hata kompyuta moja tuliomba dakika chache kwenye mkutano wa wazazi, tukauliza. Wenye watoto madrasa walisema vijana huingia saa kumi na nusu. Wenye wasichana walitaka kujua binti atatoka saa ngapi na atarudi na nani. Hapo ndipo ilipopatikana saa yetu: kila Jumatano tunaanza saa nane na dakika arobaini, tunafunga saa kumi na dakika kumi, na tunafunga kweli. Mchezo unaweza kuwa umebakiza hatua moja ukamilike, mtoto akalia machozi, bado tunahifadhi kazi na kuzima.

Ukali huo una sababu. Mvulana akichelewa nyumbani ataulizwa alikuwa wapi. Msichana akichelewa mara mbili hataruhusiwa tena. Klabu inayochelewa kufunga hupoteza wasichana kwanza, tena kimya kimya, na baadaye wenye klabu husimama majukwaani kulalamika kwamba wasichana hawapendi kompyuta. Wanazipenda sana. Wapewe saa inayolingana na maisha yao.

2. Mwalimu wa shule awe ndani tangu mwanzo

Kwa shule ya serikali mtu wa nje haingii darasani kwa urafiki tu. Barua yetu ilianzia kwa mwalimu mkuu, ikapanda manispaa kwa mkurugenzi, ikapita kwa afisa elimu, ikarudi na muhuri. Ilichukua muda wake. Namshauri kila anayetaka kuanza asiruke hatua hata moja, kwa sababu walimu wakuu huhamishwa, na siku wa kwenu akihamishwa, barua yenye muhuri ndiyo itakayomweleza anayekuja ninyi ni akina nani.

Lakini barua hufungua mlango tu. Anayeifanya klabu iwe ya shule ni mwalimu wa shule. Kwetu ni mwalimu wa hisabati, mama aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba kwa sababu ilibidi mtu akabidhiwe. Mwanzoni alikaa nyuma na lundo la madaftari, akisahihisha. Siku moja akainua kichwa akamuuliza mtoto wa meza ya jirani, "Hebu nionyeshe, hiyo namba ya hasi umeitoa wapi?" Mtoto akamwonyesha. Jukwaa la Scratch lina upana wa hatua 480 na kimo cha hatua 360, na katikati ni sifuri. Kwenda kulia unafika 240, kwenda kushoto unafika hasi 240. Mtoto alikuwa anamrudisha mhusika wake, paka, kushoto, na namba hasi kwake ilikuwa mahali paka alipo. Mwalimu akasukuma madaftari pembeni.

Leo yeye ndiye anayefungua kipindi. Anawajua watoto kwa namna ambayo sisi wa kuja na kuondoka hatuwezi: anajua nani hakula, nani kafiwa, nani anajifanya haelewi ili rafiki yake asiachwe peke yake. Sisi tukikwama kwenye mafuriko ya masika, klabu inafunguliwa.

3. Mikono nyuma

Hili ni gumu kuliko yote kwa mtu anayejua kompyuta. Mtoto anakwama, wewe umeshaliona kosa, na mkono unakwenda wenyewe kwenye kipanya. Sekunde tano, kazi imekwisha, mtoto anasema asante, na hajajifunza kitu.

Kwetu anayesaidia husimama kando ya meza na kufunga mikono nyuma ya mgongo. Anaruhusiwa kuuliza: ulitaka afanye nini? Amefanya nini? Ni hatua gani ya mwisho iliyokwenda vizuri? Vidole vya mtu mzima haviingii kwenye kibodi. Wageni hushangaa wakitukuta tumesimama hivyo chumba kizima, lakini watoto wamezoea, na wenyewe humkumbusha anayesahau: "Mwalimu, mikono nyuma!"

Nieleze tukio moja kwa urefu, kwa sababu ndilo linaloonyesha faida yake. Binti wa darasa la tano alitaka kuchora pembetatu. Mraba alishauweza: nenda hatua 100, geuka nyuzi 90, rudia mara nne. Pembetatu akaifikiria vizuri. Pembe zote tatu sawa, kila moja nyuzi 60, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo ilivyo. Akaandika 60, rudia mara tatu, akabonyeza. Mstari ukaenda, ukapinda, ukaenda, ukapinda, ukaishia mbali na ulipoanzia. Akajaribu tena. Akahesabu vidole. Akaniangalia.

Ningeweza kumwambia 120. Badala yake mama mhasibu alimletea chaki, akamwomba achore pembetatu kubwa sakafuni na atembee juu yake yeye mwenyewe, akijitangazia maelekezo. Akatembea upande wa kwanza. Akafika kwenye kona akasimama, uso bado ukitazama ukutani, akaanza kugeuka taratibu. Akapita pale alipotarajia kusimama, akaendelea kugeuka, akaendelea, hadi akawa karibu anatazama alikotoka. Akasema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Kumbe nageuka sana!" Wenzake wakamzunguka. Akatoa 60 kwenye 180 kwenye kiganja kwa kalamu, akarudi mezani akaandika 120, na pembetatu ikafunga.

Papert aliandika juu ya jambo hili hasa, kwamba mtoto huielewa jiometri kwa mwili wake anapojiweka mahali pa mhusika anayetembea. Lakini kulisoma ni kitu kimoja, na kumwona binti akizipata nyuzi 120 kwa nyayo zake ni kitu kingine. Mwalimu wa hisabati sasa hufundisha pembe za nje kwa chaki sakafuni hata kwa darasa ambalo halijawahi kugusa kompyuta.

Kuna kanuni ndogo inayokwenda na hiyo. Watoto wetu hukaa wawili kwa mashine moja: mmoja ameshika kipanya, mwenzake anasoma maelekezo na kufikiri hatua inayofuata. Baada ya dakika kumi filimbi inalia, wanabadilishana. Bila filimbi, kipanya hukaa kwa mwenye sauti kubwa, na mwenye sauti kubwa mara nyingi ni mvulana. Tulikuwa na mashine za kutosha kwa muda fulani kila mtoto akae peke yake, lakini walimu wote tulikubaliana kubaki na wawili wawili. Mtoto anayelazimika kumweleza mwenzake anachotaka kufanya hugundua kosa lake kabla halijaandikwa.

4. Mashine za zamani zinatosha

Usisubiri maabara. Scratch ya sasa, kwa kompyuta za Windows, inahitaji Windows 10 au zaidi, lakini toleo la 1.4 hukimbia vizuri kwenye mashine ambazo ofisi zimeshazitupa stoo. Matoleo yote yana namna ya kutumika bila intaneti: unaliweka toleo kwenye flashi, unapita mashine moja hadi nyingine. Mwenye bahati ya kupata Raspberry Pi anapata kompyuta ndogo kama kiganja inayokula umeme kidogo sana ukilinganisha na kompyuta ya mezani, na hilo lina maana kwa shule inayonunua umeme wa LUKU kwa kubana. Sisi huchangishana kila mwezi tukanunua uniti za klabu, ili mwalimu mkuu asije akalazimika kuchagua kati yetu na taa za ofisi.

Jambo moja tu la kiufundi nilisisitize: kazi za watoto zihifadhiwe sehemu mbili. Flashi zinazozunguka mtaani zina virusi vya kila aina, na mtoto aliyepoteza mchezo wa wiki sita ni vigumu kumshawishi aanze upya.

5. Umeme ukikatika, kipindi kinaendelea

Wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ingekuwa rahisi kufunga. Badala yake kipindi kilihamia nje, chini ya mwarobaini.

Kuna mkusanyo wa mazoezi unaojulikana kama CS Unplugged, uliokuzwa na Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, pamoja na wenzake, unaofundisha misingi ya kompyuta bila kompyuta. Zoezi tulipendalo ni la kadi tano. Unakata maboksi, unachora nukta: kadi ya kwanza 16, ya pili 8, ya tatu 4, ya nne 2, ya tano 1. Watoto watano wanasimama mstari mmoja, kila mmoja na kadi yake. Mtu anataja tarehe yake ya kuzaliwa, na watano wale lazima waamue kadi zipi zionekane na zipi zigeuzwe.

"Kumi na tisa!" Mwenye 16 anaonyesha. Mwenye 8 anataka kuonyesha, wenzake wanampigia kelele, zitazidi. Mwenye 4 anageuza, hana uhakika. Mwenye 2, mwenye 1, onyesha. Kumi na sita, kumi na nane, kumi na tisa. Kisha mtu anauliza swali linaloulizwa kila mara: je, kuna tarehe isiyowezekana? Wanajaribu kuanzia 1. Inawezekana. Mbili, tatu, nne, mpaka 31, zote zinawezekana, na kila moja kwa njia moja tu. Mwezi mzima umeingia kwenye kadi tano. Ukiwaambia kwamba kompyuta ndani yake haina kingine ila kadi za aina hiyo, nyingi mno, zinazogeuzwa kwa kasi kubwa, wanakuamini, kwa sababu wameshakuwa kompyuta wenyewe.

Tangu hapo kipindi cha nje kipo kwenye ratiba hata umeme ukiwepo. Na kuna watoto wakimya sana mbele ya skrini ambao chini ya mwarobaini ndio viongozi.

6. Fundisha kwa Kiswahili

Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na Scratch ina sehemu ya kuchagua lugha ambamo Kiswahili kimo. Iweke. Kuna wazazi waliotaka tufundishe kwa Kiingereza kwa kuwa sekondari iko mbele, na naielewa hofu yao. Lakini mtoto wa miaka kumi anayejifunza jambo jipya kwa lugha ngeni amebebeshwa mizigo miwili, na ukimwona akibishana na mwenzake kwa Kiswahili kuhusu sharti lipi litangulie, utajua anafikiri. Kiingereza kitamkuta ameshaelewa.

7. Mchezo uwe wa mtoto mwenyewe

Kuna masomo mazuri ya bure kwa klabu kama zetu, yamepangwa hatua kwa hatua, na tunayatumia wiki za mwanzo. Mtoto anafuata, anapata mzimu wa kukamata au anga la kurusha roketi. Ni sawa. Lakini anayeishia hapo amejifunza kufuata maelekezo, na hilo shule inamfundisha tangu asubuhi.

Kazi ya kweli huanza siku tunapowauliza: wewe unataka kutengeneza nini? Chumba hunyamaza kidogo, kisha kinalipuka. Tumepata rede ambamo mpira unarushwa na kompyuta. Tumepata kombolela. Tumepata mchezo wa kuuza chapati ambamo ukizichelewesha zinaungua, uliotengenezwa na mtoto ambaye mama yake huuza chapati, na muda wa kuungua aliupima nyumbani kwa saa ya ukutani.

Na tumepata daladala. Wavulana wawili na msichana mmoja walitengeneza daladala inayopita barabarani kuchukua abiria, na kila abiria anaongeza nauli. Maelekezo yao yalikuwa yenye mantiki: rudia daima, kama daladala imemgusa abiria, ongeza nauli kwa 1. Wakabonyeza bendera ya kijani inayoanzisha programu. Daladala ikamfikia abiria wa kwanza, na nauli ikaruka hadi thelathini na kitu.

Walicheka sana, wakidhani kompyuta imeharibika. Halafu wakaacha kucheka, kwa sababu ilirudia vilevile. Hapa sisi tulifunga mikono nyuma na kuuliza: abiria alikaa kwenye daladala muda gani? Karibu sekunde moja. Na katika sekunde moja, kompyuta inauliza swali lako mara ngapi? Hawakujua. Scratch hupita kwenye kitanzi kama hicho mara 30 kwa sekunde, na kila ikipita inakuta daladala bado imemgusa abiria, basi inaongeza tena. Abiria mmoja alikuwa anatozwa nauli mara thelathini.

Yule msichana ndiye aliyelimaliza tatizo, na hakulimaliza kwa hesabu. Alisema, "Mtu akishapanda hawezi kubaki kituoni." Akaongeza agizo: abiria akiguswa, ajifiche. Abiria aliyejificha haguswi tena. Nauli ikawa moja.

Sijui somo lolote lililoandaliwa ambalo lingempa mtoto kitu hicho kwa undani ule. Alikijua kwa sababu daladala aliipanda asubuhi ile.

8. Anayekuja kila wiki ana thamani kuliko bingwa

Wanafunzi wa chuo wana moyo, lakini wana mitihani, wana mafunzo kwa vitendo mikoani, na mwisho wanapata ajira, jambo ambalo tunalishangilia. Wataondoka. Klabu ijengwe kwa kulijua hilo.

Tunamwomba kila anayejiunga atupe muhula mmoja kamili, si zaidi, na katika muhula huo afike kila wiki. Wamewahi kuja wataalamu wakubwa waliotaka kufika "nikipata nafasi," na tuliwashukuru, tukawaomba waje siku ya maonyesho. Watoto huangalia mlangoni kuona nani hajaja. Mtu mwenye ujuzi wa kawaida anayefika kila Jumatano huaminiwa na mtoto kiasi cha kuambiwa, "Mwalimu, sijaelewa tangu wiki iliyopita." Maneno hayo hayaambiwi mgeni.

Na kuna kaunta buku. Mwisho wa kila kipindi, kabla ya kuondoka, kila anayesaidia huandika mistari miwili mitatu: meza ya dirishani, daladala inapotelea ukingoni, wiki ijayo waonyeshwe namba za mwisho wa jukwaa, mapacha watenganishwe, mmoja anamfanyia mwenzake kila kitu, kipanya cha meza ya tatu kinaruka. Anayekuja mara ya kwanza husoma kurasa tatu za nyuma kisha anaingia kazini. Hakuna kifaa chochote katika chumba kile ninachokithamini kuliko kaunta buku hilo. Likijaa linawekwa kabatini kwa mwalimu, na lingine linaanza.

9. Njaa

Watoto wengi saa nane na nusu hawajala tangu asubuhi. Uji na karanga kwanza, kompyuta baadaye. Wazazi wa klabu hupokezana kupika, na siku ambazo uji haukupatikana hatuanzishi jambo jipya.

10. Ulinzi wa mtoto hauna mjadala

Watu wazima wawili chumbani wakati wote, mlango wazi. Anayejitolea huleta barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa wake na kukutana na mwalimu mkuu kabla ya kukutana na watoto. Hakuna kubadilishana namba za simu na mtoto. Ujumbe hupitia kwa mzazi. Hakuna kumsindikiza mtoto mmoja peke yake wala kumpa lifti, hata mvua ikinyesha.

Picha nazo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtoto ni sehemu ya taarifa zake. Kuna mfadhili aliyetaka picha za watoto na majina yao ili azitumie kwenye matangazo yake, kwa ahadi ya kompyuta. Mwalimu mkuu na wazazi walikataa, nasi tukakataa pamoja nao. Kompyuta hazikuja. Ningekataa tena kesho. Kwa sababu hiyo hiyo tunatumia Scratch isiyohitaji akaunti, na kazi za watoto zinabaki shuleni.

Ukimwona mtu anayetaka kujitolea akikereka na masharti haya, mshukuru na umuage.

11. Wazazi wakae kwenye kiti, watoto wasimame

Mwisho wa kila muhula tuna siku ya maonyesho. Hatutaki hotuba. Mzazi anakaa mbele ya kompyuta, mtoto anasimama kando, mikono nyuma, na kumfundisha.

Nimemwona bibi mmoja, aliyeniambia kwamba hajawahi kushika kipanya maishani, akiendesha daladala ya mjukuu wake huku akimfokea abiria apande haraka. Nimemwona baba fundi gereji akiuliza swali zito kuliko yote niliyosikia mwaka ule: "Sasa ukitaka breki zishike taratibu, siyo ghafla, unaandikaje?" Mtoto hakujua. Walikaa wawili mpaka tukawafukuza, wakitafuta namna ya kupunguza mwendo kidogo kidogo, na wiki iliyofuata mtoto alikuja na jibu limeandikwa kwenye karatasi, kwa mwandiko wa baba.

Baada ya maonyesho ya kwanza hatukuhitaji tena kumshawishi mzazi yeyote. Waliokuwa wakisema watoto wanapoteza muda wa tuisheni ndio waliojitokeza kwa uji, kwa kutengeneza viti, kwa kutafuta fundi wa bati lililovuja juu ya meza ya tatu.

Kwa anayejua kuandika programu, na jirani yake kuna shule: nenda kamwone mwalimu mkuu shule zikifunguliwa Januari. Usiende na kompyuta. Nenda na jina lako, barua ya mtaa wako, na saa moja na nusu ya kila wiki ambayo una uhakika nayo kwa muhula mzima. Uliza kama kuna mwalimu mmoja ambaye angependa kukaa nanyi. Kata maboksi, chora nukta 16, 8, 4, 2 na 1, mwanze chini ya mti na watoto watakaokuwepo. Mashine zitafuata. Kwetu zilifuata, tena kutoka kwa wazazi na majirani waliotuona tukifanya kazi bila hizo.

Nasi wa Temeke bado tunahitaji watu wawili wa Jumatano.